Maji Aliyomwaga Ogada

"Uncle, ulitoroka aje?"

Nilikuwa na miaka kumi nilipomuuliza Sitati swali hilo. Alikuwa ameinama juu ya makaa akigeuza mbavu za mbuzi, na mimi nilikuwa nimekaa juu ya kreti ya soda, mikono mashavuni, nikingoja hadithi. Nilikuwa nimeshaipanga kichwani: waya uliokatwa kwa meno, mbwa wanaobweka, risasi zinazopita karibu na sikio. Sitati alifuta jasho kwa kiwiko.

"Kwa miguu," akasema. "Sasa pelekea ile meza ya dirishani kachumbari kabla nyama yao ipoe."

Nikapeleka kachumbari. Niliporudi alikuwa anaimba wimbo wa kanisani kwa pua, na mtu akiimba kwa pua huwezi kumuuliza kitu.

Baba yangu anaitwa Gathogo na ana bucha Kikopey, pale ambapo malori na mabasi ya kwenda Nakuru husimama watu wale nyama choma. Ukitoka nje unaona Ziwa Elementaita limelala huko chini kama sahani, na upepo unakujaza vumbi la barabara mpaka kwenye meno. Kitu kimoja hatuna ni maji. Ziwa lile ni la chumvi. Maji ya kunywa tunanunua kwa mitungi, yanakuja kwa mkokoteni kutoka kwenye kisima kilicho mbali, na mtu akimwaga bila sababu anaangaliwa vibaya.

Hapo ndipo Sitati alikuja kuomba kazi, mwanaume mrefu, Mluhya wa Kibukusu kutoka Kimilili, mwenye shati lililomzidi, kwa sababu alikuwa amekonda. Baba alimpa kisu na mguu wa mbuzi aone. Sitati alikata, akatia chumvi, akachoma. Baba akaonja, akaniangalia, akaonja tena.

"Nyinyi Waluhya si huwa ni kuku tu?" Baba akamtania. "Nani alikufundisha mbuzi?"

"Jeshi, mzee. Kuku hawatoshi jeshi."

Akaajiriwa hapo hapo.

Wachomaji wengine wa Kikopey mafuta yakidondoka na moto ukiruka juu, wanarusha maji kwa kikombe, tshaaa, moshi unajaa kila mahali. Sitati hakuwahi. Alikuwa na debe la majivu kando, anachota kwa mkono na kunyunyiza kwenye moto taratibu, mpaka unatulia kama mtoto aliyebembelezwa. Nyama yake haikuwa na ladha ya moshi mchungu. Wateja walitoka Nairobi wakamtafuta kwa jina. Mimi nilidhani ni ujanja wa kupika. Baadaye ndio nilielewa kwamba ni mtu ambaye hawezi kumwaga maji.

Kwa sababu huyu Sitati alikuwa koplo, dereva wa lori la maji la jeshi, huko Somalia. Yeye na rafiki yake Ogada, aliyekuwa akikaa naye mbele na bunduki, walivamiwa njiani na wanamgambo wakachukuliwa. Sitati akarudi. Ogada hakurudi.

Na kulikuwa na vidio. Wanamgambo walimrekodi Sitati akiendesha lile lori, bendera yao ikipepea juu ya kichwa cha gari, na watoto wenye bunduki wamening'inia mlangoni. Kila mtu Kikopey alikuwa nayo kwa simu. Wakubwa wake jeshini walimhoji alipotoroka, hawakumwona na hatia, akaacha kazi kwa heshima yake. Lakini simu haina habari ya kuhojiwa. Inaonyesha tu mtu anaendesha.

Nakumbuka dereva mmoja wa treila, tumbo limetangulia, alimsimamia pale kwa moto akasema kwa sauti ili meza zote zisikie:

"Boss, si wewe ndiye ule dereva wa magaidi? Walikuwa wanakulipa kwa dola ama kwa ngamia?"

Watu wakacheka. Sitati hakuinua kichwa.

"Unataka mafuta kidogo ama mingi?"

"Nakuuliza swali, bwana!"

"Na mimi nimekuuliza. Hii yako inaungua."

Jioni hiyo wenye bucha jirani walikuja kumwambia Baba amfukuze, ati anaharibia Kikopey jina. Baba alikuwa ananoa kisu. Sijawahi kumsikia akiongea maneno mengi hivyo kwa mara moja.

"Baba yangu mimi," akasema, "alikufa akiitwa ngati." Kwetu neno hilo halitamkwi mezani. Ni askari wa nyumbani, yule aliyesimama na Wazungu wakati wenzake wako msituni wakipigania uhuru. "Walimwita hivyo miaka yote, na hakuna hata mmoja alikaa chini akamuuliza ilikuwaje. Hata mimi sikumuuliza. Huyu atachoma nyama hapa mpaka siku mtu atamuuliza vizuri."

Wakaenda wakinung'unika.

Sasa, kwa nini Sitati alichagua Kikopey na si kwao Kimilili? Ni kwa sababu ya Eucabeth, mke wa Ogada. Alikuwa na kibanda cha chai na chapati ng'ambo ya barabara, mkabala na bucha yetu. Ogada alipotekwa, yeye alikuwa na mimba. Sitati alipotoroka, mahali pa kwanza alipokwenda baada ya kuhojiwa ni hapo kwa kibanda. Mama yangu alikuwa anakunywa chai siku hiyo, kwa hivyo najua.

Eucabeth hakumkaribisha kiti. Alikuwa na swali moja tu.

"Amekufa?"

"Sijui, shemeji. Nilimwacha akiwa hai. Sikuona kitu kingine."

"Ulimwacha."

"Ndiyo."

"Basi toka hapa."

Alitoka. Alivuka barabara, akaomba Baba kazi. Na tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla ya kuwasha moto, alisukuma mkokoteni mpaka kisimani, akaleta mitungi yetu, na mtungi mmoja akauweka mlangoni kwa Eucabeth. Hakubisha hodi. Eucabeth hakuukataa, lakini hakupika nao chai hata siku moja. Aliumwagia sukuma wiki zake nyuma ya kibanda. Sukuma zake zilikuwa kubwa kama masikio ya ndovu, na watu walipomsifu alibetua mdomo.

Lazima nieleze juu ya mtoto, kwa sababu mambo yote yalimzunguka yeye.

Mtoto wa Ogada ana majina mawili. Mama yake alimwita Natalie. Nyanya yake, mama mzazi wa Ogada, aliye nyumbani huko Ugenya, alimwita Achola. Kwa Waluo, Achola ni msichana aliyezaliwa nyumba ikiwa kwenye matanga. Ukimwita hivyo umesema baba yake amekufa. Eucabeth hakutaka kulisikia. Wakwe wakipiga simu wakauliza, "Achola hajambo?", anajibu, "Natalie hajambo," na anakata.

Lakini miaka ikapita, na Dani, ndivyo wote tulimwita huyo nyanya, akazeeka na kuanza kuugua. Hakutaka kufa akimwacha mwanawe hana kaburi. Kwao mtu akipotea na mwili usipatikane, huzikwa yago badala yake, lile tunda refu la kijivu linaloning'inia kwenye mti kama soseji ya jitu. Linaoshwa, linafungwa sanda, linaliliwa kama mtu. Baada ya hapo imekwisha: mke ni mjane, mtoto ni Achola, na hata Ogada mwenyewe akitokea barabarani kesho, si rahisi kumrudisha katika walio hai. Kwa hivyo haifanywi kwa kubahatisha. Wazee walitaka neno la mtu aliyemwona mwisho. Na mtu huyo alikuwa mmoja tu duniani, naye alikuwa anatugeuzia mbavu.

Kaka yake Ogada alikuja mara mbili kumbana Sitati.

"Sema tu amekufa, tumalize."

"Sikumwona akifa."

"Basi sema yuko hai!"

"Hata hiyo siwezi."

"Wewe ni mtu gani? Ulimuuza ndugu yangu, sasa unatubania hata neno moja?"

Sitati alinyunyiza majivu kwenye moto. Mimi nilikuwa nimeshaingia sekondari wakati huo, na niliona majivu mengine yakimwangukia kiatuni.

Siku hizo ndizo Bwana Kipketer, mwalimu wetu wa historia, alichora mstari katikati ya ubao. Upande huu akaandika "Walioshirikiana", upande ule "Waliopinga", na akaanza kupanga jamii na machifu wa zamani, huyu huku, yule kule. Nikainua mkono.

"Mwalimu, na mtu akitekwa, akaambiwa aendeshe lori la maji, anaingia upande gani?"

Darasa lote likasema wuuui. Rafiki yangu Valarie akanifinya. "Si huyo ni wenu wa bucha!"

Bwana Kipketer akaangalia mstari wake kana kwamba ni mtu mwingine aliyeuchora.

"Hiyo haitakuja kwa mtihani, Wangare," akasema.

Sasa nifike siku yenyewe. Ilikuwa Jumamosi ya likizo mwaka uliopita, adhuhuri, bucha imejaa. Gari la Proboksi lilisimama ng'ambo kwa Eucabeth, na kaka yake Ogada akamtoa ndani mwanamke mzee mdogo kama mtoto, kitambaa cheupe kichwani, fimbo mkononi. Dani alikuwa amekuja mwenyewe. Nikasikia baadaye kwamba kaburi lilikuwa limechimbwa tayari na yago lilikuwa limechumwa, limelazwa chini ya kitanda chake. Alikuwa amekuja kuchukua mke na mtoto.

Lakini hakuingia kwenye kibanda. Alimwambia mwanawe amvukishe barabara. Malori yalipiga honi na yeye hakugeuza hata shingo. Eucabeth akafuata nyuma akimshika Natalie mkono, uso umekuwa jiwe.

Dani akasimama mbele ya moto akamwangalia Sitati kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Wewe ndiye Mbukusu?"

"Ndiyo, Mama."

"Niletee kiti. Na maji. Njia ni ndefu."

Nikakimbia na kiti. Maji ya bucha yalikuwa yameisha, na mtungi uliokuwa karibu ni ule wa mlangoni kwa Eucabeth, haujaguswa. Nikavuka nikachota kikombe. Eucabeth aliona.

"Hayo ni ya mboga," akasema.

"Maji ni maji," Dani akasema, akanywa yote, akafuta mdomo. Halafu akasema kitu ambacho hakuna mtu alikuwa amesema miaka hiyo yote. "Sikuulizi kama amekufa. Wewe si Mungu. Nieleze tu mlivyokuwa."

Baba alizima redio. Wateja wa meza za karibu wakaacha kutafuna.

Sitati akaweka uma kando. Akachuchumaa mbele ya kiti cha Dani, kama kijana anayeongea na mama yake.

Alisema walipovamiwa, Ogada alipigwa risasi ya mguu. Alisema wanamgambo walikuwa na lori lakini hakuna aliyeweza kuliendesha kwenye mchanga bila kulizamisha, na kambi yao ilikuwa mbali na visima. Kwa hivyo wakamwambia: utaleta maji, na huyu mwenzako atakaa hapa. Ukirudi, atapata maji ya kunywa na ya kuosha kidonda. Usiporudi, unajua.

"Nikaendesha, Mama. Kijana mwenye bunduki alikaa kando yangu kila safari. Nikirudi, kikombe cha kwanza nampelekea Ogada. Tuliishi hivyo. Siku ile walituma mtu wa kamera nilidhani ni mambo madogo."

"Endelea."

"Mguu ukaanza kupona kidogo. Halafu siku moja nimempelekea kikombe chake, wao wote wako pale wanakula. Ogada akachukua. Akaniangalia. Akamwaga." Sitati akafungua kiganja, kuonyesha. "Chini. Yote. Akasema kwa sauti, kwa Kiswahili ambacho baadhi yao walikijua, ili wasikie: usiniletee maji tena, msaliti wewe. Umekuwa wao. Ukiishi ukifa, mimi sikujui. Halafu akageukia ukuta."

Eucabeth aliweka mkono mdomoni.

"Wao walicheka. Wakanipiga mgongoni, wakaniita ndugu. Nilimpelekea tena kesho yake, na keshokutwa, hakugeuka. Wakaacha kumtumia kunitisha, kwa sababu ni nani anatishwa na mtu anayemchukia? Yule kijana wa bunduki akaacha kupanda gari, akawa analala kivulini. Na mimi nikafika kisimani siku moja, niko peke yangu, nikasema, maji haya nampelekea nani? Sikusimama. Niliendesha mpaka mafuta yakaisha. Nikatembea. Wafugaji wakanipa maziwa. Hiyo ndiyo yote."

Mbavu za mteja mmoja zilikuwa zinaungua na mwenyewe hakujali.

"Na miaka yote hii hukuniambia?" Eucabeth akauliza. Ilikuwa mara ya kwanza akimwambia kitu tangu ile siku ya "toka hapa". "Unaniletea mitungi kama punda na huna mdomo?"

"Ningekuambia nini, shemeji? Kwamba bwana yako neno lake la mwisho kwangu ni msaliti? Ama kwamba alifanya mchezo ili anifungue? Ya kwanza inaumiza wewe. Ya pili inanipendeza mimi, na sina ushahidi. Sijui alimaanisha nini. Nimeuliza ule ukuta kila usiku. Sijui."

Dani alikuwa anapigapiga chini kwa fimbo yake, polepole. Nilifikiri analia. Kumbe anafikiri.

"Alikuwa na kiu?" akauliza.

"Sana, Mama. Huko ni jua."

"Na akamwaga yote? Hakuonja kwanza?"

"Hata tone."

"Mm." Akamgeukia mwanawe mkubwa. "Ogada akiwa mdogo alikuwa mlafi wa maji, unakumbuka? Anakunywa mpaka ya kuku. Mtu kama huyo, amefungwa, ana kidonda, ana kiu, anamwaga maji chini. Huyo hakuwa amekata tamaa. Huyo alikuwa na kazi anafanya."

"Lakini Mama, hiyo ni zamani," kaka akasema. "Inawezekana tangu hapo..."

"Inawezekana. Mimi si mjinga. Lakini nilikuja hapa kumzika mtu aliyelala, na huyu Mbukusu amenionyesha mtu amesimama. Siziki mtu amesimama."

"Kaburi limechimbwa! Wazee wanangoja!"

"Panda ndizi."

Mtu mmoja kwa meza ya nyuma akacheka, halafu wengine, halafu hata Baba. Natalie, ambaye alikuwa ananyonya mfupa niliompa, alivuta nguo ya Dani.

"Dani, kwa hivyo mimi ni nani? Natalie ama Achola?"

Bibi kizee akamvuta karibu. Najua alichokuwa anaacha hapo. Alikuwa anaacha kaburi la mwanawe, na pengine hatapata siku nyingine ya kulitengeneza.

"Leo wewe ni Natalie," akasema. "Achola atangoja. Hana haraka."

Walikula. Baba hakukubali walipie. Sitati aliwachomea mbavu nyingine, na jirani zetu wale wa kunung'unika walikuja mmoja mmoja, wakijifanya wanatafuta chumvi, wakamsalimia kwa mkono. Yeye hakuwaweka pembeni wala hakuwashangilia. Aliwapa chumvi.

Jumatatu asubuhi mtungi uliwekwa mlangoni kwa Eucabeth kama kawaida. Nilikuwa nasubiri kuona. Alitoka, akauangalia, akaubeba ndani. Baada ya muda moshi ukatoka kwenye kibanda, na Natalie akavuka barabara kwa uangalifu, ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili, akampa Sitati. Sukuma wiki zilikauka kidogo msimu huo.

Mimi sasa niko kidato cha nne. Lile yago, tulisikia, lilioza chini ya kitanda na Dani akalitupa kwenye migomba. Yeye mwenyewe bado yuko, anapiga simu Jumapili kuuliza Natalie hajambo. Kuhusu Ogada hakuna aliyesikia kitu, na mtu anayesema amesikia anadanganya.

Nilipokuja likizo hii nilimkuta Sitati pale pale, majivu kando yake, ananoa kisu kabla wateja hawajafika. Nikavuta kreti ya soda nikakaa, ingawa siku hizi magoti yangu yanafika karibu na kidevu.

"Uncle," nikamwambia, "kuna swali nilikuuliza nikiwa mdogo. Ulinijibu vibaya."

"Ati ulitoroka aje."

"Unakumbuka!"

"Nilisema kwa miguu."

"Na sasa?"

Alijaribu kisu kwa kidole gumba, akakitazama kwenye mwanga. Ng'ambo ya barabara Eucabeth alikuwa anafungua madirisha ya kibanda, akampungia mkono, naye akapunga.

"Sikutoroka, Wangare," akasema. "Ogada alinifungulia."